Edinburgh mwezi wa Agosti: jinsi ya kuyafaidi matamasha bila kumaliza akiba

Kama unaifikiria Edinburgh kwa mwezi wa Agosti, anza na viza na mahali pa kulala. Kila mwaka ndugu na marafiki hunipigia simu mwezi wa Juni wakiwa wameshachagua wasanii wa kuwaona, lakini bado hawajui watalala wapi. Kufikia hapo chumba cha kawaida kimeshapanda bei kiasi cha kumeza bajeti ya safari nzima.

Uskoti iko chini ya Uingereza, kwa hiyo viza ya Schengen uliyokatia Ufaransa au Ujerumani haikufikishi huku. Sisi wenye pasipoti za Tanzania, Kenya au Uganda tunahitaji viza ya Uingereza ya mgeni, na maombi yake yanapokelewa kuanzia miezi 3 kabla ya tarehe ya safari. Mei ndio mwezi wa makaratasi. Chumba kitafute mapema zaidi ya hapo, tena kile kinachokuruhusu kughairi bila kukatwa hela. Na ukipiga hesabu, kumbuka kodi ya wageni: kwa wanaolala kuanzia 24 Julai 2026, jiji linatoza asilimia 5 ya gharama ya chumba, kwa siku 5 za mwanzo.

Bei za mjini zikikushinda, lala Glasgow, ambako treni huchukua chini kidogo ya saa moja, au vuka ghuba ya Forth ukakae Dunfermline au Kirkcaldy. Ila angalia saa ya treni ya mwisho kabla hujanunua tiketi ya onyesho la usiku. Mabweni ya wanafunzi nayo hukodishwa wakati wa likizo, na kwa anayesafiri peke yake ni chaguo zuri sana.

Sasa tuje kwenye matamasha yenyewe. Watu husema "tamasha la Edinburgh" kana kwamba ni moja, kumbe ni kadhaa yanayokutana mwezi mmoja, na mfuko wako utategemea umeingia lipi. Mwaka 1947, vita ikiwa imeisha juzi tu, lilianzishwa Tamasha la Kimataifa, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Rudolf Bing, mzaliwa wa Vienna aliyewakimbia Wanazi. Mwaka huohuo vikundi 8 vya maigizo vilikuja bila kualikwa, vikajitafutia kumbi pembeni, vikaonyesha. Huko pembeni ndiko kulikozaliwa Fringe, yaani tamasha la pembeni. Tofauti hiyo ipo hadi leo. Tamasha la Kimataifa huwaalika wasanii wake, na ukitaka kusikia okestra kubwa ndani ya ukumbi wa Usher Hall, huko ndiko kwenyewe. Fringe haina anayechuja: mwenye onyesho na chumba cha kulionyeshea anakaribishwa. Siku hizi maonyesho yake ni zaidi ya 3,000 kila Agosti.

Mwalimu Nyerere alifika kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, mambo haya yakiwa bado machanga kabisa, akamaliza 1952. Uwanja wa George Square, pale chuoni, hujaa mahema na majukwaa Agosti nzima. Mtanzania akija, hata kama hana tiketi ya kitu chochote, humpeleka pale tukakaa kwenye nyasi, na sijaona ambaye hakufurahi.

Katika maonyesho 3,000 unachaguaje? Shuka High Street, barabara kuu ya mji mkongwe, asubuhi kabla umati haujawa mkubwa. Wasanii wenyewe husimama pale wakigawa vipeperushi. Usipokee tu na kupita, muulize, "Dakika 5 za kwanza kunatokea nini?" Aliye na kitu atakueleza macho yakiwaka. Asiye na kitu atakutajia nyota alizopewa na magazeti. Swali hilo lilinipeleka kwa dada mmoja aliyeniambia, "Nakaa kwenye kiti, nakunja nguo za baba yangu." Onyesho lake lilikuwa kwenye chumba cha chini ya ardhi mtaa wa Cowgate: viti vya plastiki, ukuta unatoa jasho, muziki wa baa ya juu unasikika. Alikunja mashati saa nzima akituhadithia baba aliyekuwa akisahau majina ya wanawe mmoja mmoja. Alipofika kwenye shati la mwisho hakulikunja, alilivaa. Nimeshakaa kwenye kumbi za kifahari na viti vyake vya mahameli, lakini onyesho hilo ndilo ninalolisimulia watu.

Maonyesho mengi ya Fringe ni ya bure kuingia, na mwishoni msanii husimama mlangoni na ndoo. Tafadhali usipite ukiangalia simu. Wengi wao wamelipia ukumbi, nauli na chumba kilekile kilichokushinda wewe bei, na hawarudishi hata nusu. Kama umefurahi, toa pauni 5 au 10. Wengi wana kimashine cha kadi. Kwa maonyesho ya kulipia, siku za mwanzo kabisa wa tamasha tiketi huwa rahisi, kwa sababu wasanii bado wanajaribu.

Usijaze ratiba. Maonyesho mawili kwa siku, matatu ukizidi, na katikati nafasi ya kutembea. Kuna jambo la ramani ambalo mgeni lazima alijue: mji huu una ghorofa. South Bridge na George IV Bridge ni barabara zinazopita juu ya Cowgate, kwa hiyo kwenye simu utaona umefika, kumbe ukumbi uko chini ya miguu yako na ngazi iko mbali. Acha dakika 30 kati ya onyesho na onyesho. Yanaanza kwa wakati, na aliyechelewa mara nyingi haingizwi hata kama ana tiketi.

Ukitaka gwaride la bendi za kijeshi na zumari za Kiskoti mbele ya ngome, lile la Tattoo lililoanza 1950, nunua tiketi miezi mingi kabla. Linafanyika nje, na mvua hailizuii, kwa hiyo beba koti la mvua lenye kofia. Mwavuli utawaziba walio nyuma yako. Agosti ya huku jua likizama ni baridi ya sweta. Na ukisikia mzinga unalia ngomeni saa saba mchana, usishtuke. Hupigwa kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi.

Asiyeweza Agosti asikate tamaa. Usiku wa 30 Aprili kuna Beltane, sherehe ya moto na ngoma juu ya kilima cha Calton, inayofanyika tangu 1988. Mimi lakini nikiulizwa msimu wa pili wa kuja, nasema Hogmanay, mwaka mpya wa Kiskoti. Pamoja na fataki na umati wa Princes Street, kuna desturi ya majumbani: mtu wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita usiku ndiye huleta bahati ya mwaka, na anayependwa zaidi ni mwanamume mwenye nywele nyeusi, mkononi ana kipande cha makaa ya mawe. Bibi jirani yangu hunitoa nje dakika chache kabla, ananikabidhi makaa yamefungwa kwenye gazeti, kisha ananifungulia kwa shangwe kana kwamba nimetoka safari ya mbali. Ukiwa na mwenyeji, omba kukaribishwa nyumbani kwake usiku huo. Sherehe za nje hutegemea hali ya hewa, na mwisho wa 2024 zilifutwa kwa sababu ya upepo mkali.

Nunua chakula tarehe 31 kabla ya jioni. Uskoti hupumzika tarehe 1 na tarehe 2 Januari pia, maduka mengi hufungwa, na mabasi na treni hupungua sana, basi usipange kuondoka kwa ndege alfajiri ya siku hizo kama hujapata uhakika wa usafiri wa kukufikisha uwanjani.