Barua kwa mwanangu: siku ya ulimi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa kicheko. Unasema umetuumba mimi na baba yako ndani ya The Sims, ule mchezo wako wa kompyuta wa kuumba watu, ukatuvuta pua na videvu mpaka tukafanana na sisi wenyewe, ukatuzalisha watoto 12, na hakuna hata mmoja aliyetoka na sura yako. Sasa unauliza: "Mama, mimi nimefanana na nani?"

Kwanza, watoto 12! Wewe na dada yako mlinitosha.

Pili, kosa liko hapo ulipotuumba. Ulituleta duniani tukiwa watu wazima, hatuna mama wala baba. Najua mchezo huo una urithi wake, maana ulinichosha masikio enzi zile ukikesha nao. Ulinieleza kwamba katika toleo la kwanza, la 2000, mtoto alibaki mtoto milele, na kwamba la 2004 ndilo lililompa kila mhusika nakala mbili za rangi ya macho na ya nywele, moja kwa mama, moja kwa baba, yenye nguvu ikiifunika iliyo dhaifu. Njegere za Mendel zile zile, yule mtawa aliyegundua kanuni za urithi kwa kupanda njegere, zimevalishwa nguo na kupewa nyumba. Lakini kilichofichika ndani ya mtu lazima kiwe kimetoka kwa waliomtangulia. Sisi tuliozaliwa kwa kubofya tutaficha nini?

Halafu mara 12 ni nini? Mzazi mmoja ana jozi 23 za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe za mwili. Kwa kutoa moja tu katika kila jozi, anaweza kupanga michanganyiko 8,388,608. Izidishe kwa ya mwenzake. Na hapo bado kromosomu hubadilishana vipande kabla ya kugawanyika. Urefu peke yake, utafiti wa 2022 uliokusanya watu zaidi ya milioni 5 ulikuta sehemu zaidi ya 12,000 za DNA zenye mkono ndani yake. Sura haigawiwi kwa mizani. Nimelisema tangu unanyonya.

Lakini si mahesabu yaliyonishikisha kalamu. Niliposoma "nimefanana na nani", nilirudi moja kwa moja kwenye siku ya ulimi. Wewe huisimulia kama kichekesho, nimekusikia kwa marafiki zako. Wacha nami niisimulie, maana wakati ule ulikuwa na miaka 11 na ulikuwa unalia, hukuona yote.

Ulirudi shuleni na zoezi la sayansi. Mwalimu kawaambia kuviringisha ulimi kama mrija kunarithiwa: asiyeweza baba na asiyeweza mama, hawazai anayeweza. Mkajaribishe nyumbani. Ukatoa ulimi wako, mrija mzuri kabisa. Mimi nikatoa wangu, bapa. Baba yako akatoa wake, bapa. Ukacheka, kisha ukaacha kucheka, ukauliza, "Basi mimi ni wa nani?" Shangazi yako alikuwepo. Hakusema kitu. Aliweka kikombe chini, taratibu, na unamjua shangazi yako: kikombe kile kilisema kuliko mdomo.

Baba yako akanitazama. Ni kitambo cha kufumba na kufumbua, mwanangu, haikufika sekunde mbili. Lakini miaka imepita na bado naweza kukuonyesha nilikuwa nimesimama wapi.

Intaneti iliponifikia mkononi, kitu cha kwanza nilichotafuta kilikuwa ulimi. Aliyeandika mwaka 1940 kwamba jambo hilo linarithiwa ni mwanasayansi mkubwa wa Marekani, Alfred Sturtevant. Mwaka 1952 mwenzake mmoja akawapima mapacha wanaofanana, jozi 33, waliotoka kwenye yai moja. Katika jozi 7, mmoja aliweza kuviringisha na mwenzake hakuweza. Sturtevant mwenyewe akakubali, na 1965 akaandika kwamba anaona aibu kukuta jambo hilo bado linatajwa kama mfano uliothibitishwa. Aliona aibu! Na mwalimu wako alikuja kulifundisha karibu miaka 40 baada ya mwenyewe kulikana.

Simlaumu. Au tuseme namlaumu kidogo. Alifundisha alichofundishwa, na ndewe za masikio walikuwa wakizifundisha hivyo hivyo, iliyoshikana na inayoning'inia, kama swichi ya taa, kumbe nazo zina jeni nyingi nyuma yake. Ila mtu anayewatuma watoto 40 majumbani kupima damu za wazazi wao kwa ulimi, angejiuliza jioni ile kutatokea nini mezani. Hapana, basi, simlaumu.

Ninayetaka kumsema ni baba yako, na sijui nimsemeje. Maana ulipoanza kulia ukageuka kukimbilia chumbani, alikufuata kwa macho, akasema, kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu alichokuwa amekipoteza: "Kile kisogo ni cha mama." Shangazi yako akageuka kutazama, akasema kweli. Kisogo, na ule mwendo wa bega moja mbele. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Pale nina alitazama kisogo cha mwana, nacho hakikuwa chake.

Kwa hiyo jibu lako ndilo hilo, kama ulikuwa unalisubiri. Usoni hufanani na yeyote kati yetu, nami sioni ajabu, sura haigawiwi kwa mizani. Mgongoni wewe ni bibi yako mzaa baba. Mchezo wako una kitufe cha visogo?

Usiku ule nilimkuta baba yako mbele ya kioo, ulimi nje, anaukunja kwa vidole viwili. Aliponiona akajifanya anatazama jino. Sikumuuliza anamthibitishia nani, mimi, dada yake, au nafsi yake. Labda alikuwa anacheza tu. Mtu akimtazama mkewe sekunde moja vibaya, halafu akajitesa ulimi nusu usiku, unamweka upande gani? Nina maoni yangu. Nilikuwa nimeyaandika hapa, nimeyafuta.

Picha ulizoomba nimezitia kwenye bahasha. Ya bibi yako ninayo moja, na humo kainama anafunga kiatu, uso hauonekani. Ukitaka kumjua zaidi muulize baba yako. Habari ya kioo usimuulize. Au muulize, kisha uniandikie alichojibu.

Mama yako