Miche 60 ya rozimari, kumbe mimea miwili

Mi nlikua najisifia sana ile fensi yangu ya rozimari. Miche 60, mstari mmoja mnyoofu, urefu sawa, rangi sawa, ukipita ukaipapasa kwa kiganja harufu inakufata mpaka ndani. Na haikunigharimu kitu cha maana maana nlinunua mche mmoja tu kitaluni, nikautunza ukawa kichaka, afu nikawa nakata vijitawi vya urefu wa kidole, napukutisha majani ya chini, nachomeka kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, wiki kadhaa mbele vina mizizi. Watu walisema nna mkono wa kupanda. Sikukataa.

Ukaja msimu wa mvua isiyokatika, maji yakatuama pale chini (kosa langu, sikuinua tuta), na rozimari na maji yaliyotuama ni maadui. Ncha zikaanza kunyauka, majani yakageuka kijivu kama yamepigwa vumbi, nikachimbua mche mmoja nikakuta mizizi imekua kahawia, ukiuvuta mzizi ganda linachomoka kama soksi unabaki na uzi wa katikati. Nikasema huu una bahati mbaya yake. Mwezi na nusu haujaisha, miche 57 ilishakufa.

Sasa ile mitatu iliyobaki. Haikua kwenye mwinuko wala nini, ilikua katikatikati ya mstari, maji yaleyale, udongo uleule. Nikakaa nafikiria weee mpaka nikakumbuka, kumbe kuna wakati vijitawi vyangu vitatu viligoma kushika, rafiki yangu akanikatia vya kichaka chake nikazibia pengo. Yaani mama tofauti.

Hapo ndo kikaniingia kitu ambacho kila anayechomeka matawi angeambiwa siku ya kwanza kabisa: ukikata tawi hupati mtoto, unapata mmea uleule, vinasaba vilevile. Kwa hiyo mi sikua na mimea 60, nlikua na mimea miwili, mmoja umesimama mara 57 na mwingine mara tatu. Huyo wa kwanza kama hana kinga ya ugonjwa fulani basi hakuna hata mmoja kati ya wale 57 mwenye nayo.

Na usidhani haya ni ya sisi wenye vibustani. Kule Provence, Ufaransa, wanalima sana lavandini, hiyo ni chotara ya lavenda za aina mbili na haizai mbegu, kwa hiyo njia ni matawi tu. Mashamba mengi yalikua ya kloni moja (yaani mimea yote imetokana na mmea mmoja kwa matawi) inaitwa Abrial, ukaja ugonjwa unaosambazwa na kadudu kanakofyonza utomvu, ukaitafuna hiyo Abrial mpaka wakulima wakahamia kloni nyingine inaitwa Grosso ambayo ilivumilia zaidi. Ambayo nayo, ukiangalia vizuri, ni kichaka kimoja kimetapakaa mashamba na mashamba. Ila hukohuko Haute-Provence kuna wanaolima lavenda ya mbegu, kila kichaka na sura yake, shamba lao ukiliangalia linaonekana kama halijachanwa nywele, na mafuta yake yana jina lililolindwa kisheria tangu 1981. Mi siku hizi nikiona shamba lisilochanwa nywele nalitazama kwa heshima.

Porini ndo mambo yalivyo. Rozimari asili yake ni nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, na huko vichaka vingi vimetoka kwenye mbegu, nyuki wamechanganya chavua za huyu na yule. Ndo maana mafuta hayafanani, ya Morocco na Tunisia mara nyingi yana sineoli nyingi, ile harufu ya mikaratusi, ya Hispania kafuri inapanda, ya Corsica, kisiwa cha Ufaransa, yanajulikana kwa vabenoni, kiungo kingine cha harufu. Udongo na jua vinachangia, sawa, lakini damu ina sehemu yake, na hili unaweza kulijua kwa pua tu: panda matawi ya mama wawili tofauti sehemu moja, fikicha jani la huyu kisha la yule. Ile mitatu yangu ilinuka kafuri mpaka pua inapoa, ile 57 ilikua na utamutamu. Miaka yote napita napapasa mstari mzima najiona mtaalamu, sikuwahi kugundua.

Sisemi kloni ni mbaya. Unakamua mafuta na mteja anataka harufu ileile kila mwaka, utafanyaje? Hata ile rozimari ya Arp inayosifika kwa kuvumilia baridi, yote imetoka kwenye kichaka kimoja alichokiona Madalene Hill, mtaalamu wa mimea ya viungo, pale mji wa Arp, Texas, Marekani, mwaka 1972. Lakini ili kichaka kama hicho kipatikane ilibidi viwepo vichaka vinavyotofautiana, na ukifanya dunia nzima kua Arp hutampata mwingine.

Kwa hiyo kama unapanda, tafuta mama watano sita, na usidanganyike kwa kununua kwenye vitalu vitatu tofauti, kama lebo zote zina jina moja la aina basi umenunua mmea mmoja mara tatu. Uliza kabisa, hii ni ya mbegu au ya tawi? Changanya mama kwenye mstari, usiwapange kwa mafungu. Na kwenye lebo andika mama ni nani, tarehe peke yake haina msaada, mi nlikua naandika tarehe.

Ukienda kuchukua mbegu porini using'oe, na usijaze mfuko kwa kichaka kimoja eti kimezaa. Watu wa benki za mbegu hulenga mimea kama 50, kidogokidogo kwa kila mmoja, na uache nafasi kati ya mmoja na mwingine maana majirani mara nyingi ni ndugu. Afu neno "ya porini" lisikulevye, kundi dogo lililobaki peke yake kilimani linaweza kua ukoo mmoja unaoana wenyewe kwa wenyewe, likazidiwa utofauti na shamba la zamani lililooteshwa kwa mbegu.

Mbegu za rozimari zinachosha, nakwambia mapema. Nilitia 80 nikapata miche 19, na baadhi ilitoka wakati nishakata tamaa na trei nimeisukumia pembeni. Huu mwaka wa tatu, hakuna miwili inayofanana, mmoja unatambaa chini kama mkeka, mwingine umesimama kama mshale. Mche namba 7 ndo umenishangaza zaidi, maua yake ni madogo kuliko ya wenzake na ukiyagusa kwa kidole hayaachi vumbi la chavua hata chembe. Ni jike tupu, kwenye rozimari hua inatokea, maana yake haiwezi kujichavusha, kila mbegu yake lazima iwe na baba wa nje. Nyuki wanaitembelea kama kawaida. Nimeifunga kitambaa chekundu, na mbegu zake ndo ntaotesha msimu ujao kujazia yale mashimo 57.