Nikipiga Kali nitapata desktopu kama ya kwenye video?

Swali: Fundi habari, laptopu yangu ya zamani ina RAM GB 4, nimepiga Ubuntu ila nzito. Kuna jamaa kwenye video desktopu yake nyeusi, doki chini kama Mac, anasema ni Kali. Nikiipiga nitapata sura ile? Ametoa na komandi ya kupesti, nimekutumia uicheki.

Jibu: Hupati, na Kali usipige. Swali hili halikauki na linanichosha, maana kuna watu wameshawaaminisha vijana kwamba ukitaka sura mpya unapiga distro mpya (toleo la Linux, kama Ubuntu au Kali), basi unachoma bando, unafuta diski, mwezi ujao umeona video nyingine unaanza moja. Sura haitoki kwenye distro ndugu yangu, inatoka kwenye mazingira ya desktopu, yaani GNOME, KDE, Xfce au Cinnamon, na Ubuntu hiyohiyo inabeba hata mbili tatu, unachagua wakati wa kuingia. Kali yenyewe tangu mwisho wa 2019 inakuja na Xfce iliyopakwa rangi, na ni ya watu wa kupima usalama, walioitengeneza wenyewe wanasema siyo ya mtu anayeanza.

Kinachokulemea hapo ni GNOME inayokuja na Ubuntu, Xfce ni nyepesi. Fungua terminal, andika sudo apt install xfce4 plank (sudo ni ruhusa ya kugusa mfumo mzima, Plank ndo hiyo doki), toka kwenye akaunti, bonyeza jina lako, halafu kabla hujaweka paswedi cheki kona ya chini kulia kuna kialama cha gia, hapo chagua Xfce. Themu (mapambo ya madirisha) ziweke kwenye folda la .themes na aikoni kwenye .icons, humohumo ndani ya home yako, kama huyaoni bonyeza Ctrl+H, kama hayapo yatengeneze.

Umeona, themu yenyewe haikudai sudo popote. Sasa hawa mafundi wa video kila kitu sudo, pesti hapa, bila kukuambia inafanya nini! Hata bila sudo watu wanaumia, Machi 2024 mtu aliweka themu ya KDE kutoka stoo yao wenyewe, ndani yake kulikuwa na rm -rf (komandi ya kufuta bila kuuliza), ikafagia mafaili yake yote, wala siyo virusi, aliyeiandika alikosea tu, na KDE wakatoa tahadhari. Kwa hiyo kopi picha na kazi zako kwenye flashi kwanza.

Hiyo komandi uliyonitumia inashusha skripti kutoka kwenye linki iliyofupishwa na kuiendesha papo hapo kwa sudo. Ifute.