Usukani na vishikio vya baiskeli ya milimani: pima kwanza, nunua baadaye

Baiskeli nyingi za milimani tunazoendesha Arusha na Moshi ni za mtumba, na mtu anapoinunua hukagua fremu, magurudumu, breki na gia, kisha akaridhika. Usukani na vishikio huja vilivyo, vikiwa vilichaguliwa kwa ajili ya mtu mwingine mwenye mabega mengine na viganja vingine, aliyekuwa akipita njia za nchi nyingine. Baada ya muda mwenye baiskeli anaanza kulalamika kwamba vidole vinakufa ganzi, au kwamba gurudumu la mbele linamponyoka kila anapoteremka penye mawe, na papo hapo anawaza kubadilisha foko, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Ushauri wangu, baada ya miaka mingi ya kuendesha kwenye miteremko ya Meru na kuwasaidia wenzangu kurekebisha baiskeli zao, ni kwamba kabla hujatumia fedha kwa kitu kingine chochote ushughulikie sehemu hizi mbili ambazo mikono yako inazigusa, na uzishughulikie kwa vipimo.

Anza na upana. Katika miaka ya 1990 sukani za baiskeli hizi zilikuwa fupi, mara nyingi kati ya milimita 560 na 600, na zilifungwa kwenye stemu ndefu, yaani kile kipande kinachounganisha usukani na bomba la foko, ambayo iliweza kufika milimita 120 au zaidi. Leo baiskeli mpya nyingi hutoka kiwandani na usukani wa milimita 740 hadi 800 na stemu ya milimita 35 hadi 60. Mabadiliko hayo yana sababu: usukani mpana ni wenzo mrefu, kwa hiyo gurudumu linapogonga jiwe na kutaka kugeuka, mikono huhitaji nguvu ndogo zaidi kulizuia, na viwiko vikikaa nje kifua hupata nafasi ya kupumua kwenye mlima mrefu. Hata hivyo upana una mwisho wake. Ukizidi mabega yako, shingo na sehemu ya juu ya mgongo huanza kuuma, na kwenye kona kali mkono wa nje huishiwa urefu kabla baiskeli haijamaliza kugeuka. Tukumbuke pia kwamba njia zetu nyingi hazikuchongwa kwa ajili ya baiskeli. Ni vijia vya waenda kwa miguu vinavyopita katikati ya migomba, kahawa na nyua za miti, na usukani wa milimita 800 utakwaruza vidole vyako mahali ambapo wa milimita 740 ungepita salama.

Ili kupata pa kuanzia, lala kifudifudi sakafuni kama mtu anayetaka kupiga pushapu, jiinue na kushuka mara kadhaa bila kufikiria mikono imekaa wapi, kisha mwombe mtu apime umbali kutoka ukingo wa nje wa kiganja kimoja hadi wa kingine. Huo ndio upana ambao mwili wako unauchagua wenyewe unapotaka kusukuma kwa nguvu. Nunua usukani unaokizidi kipimo hicho kidogo, kwa kuwa usukani mrefu hupunguzwa na mfupi haurefushwi.

Usikimbilie msumeno. Legeza mikono ya breki, swichi za gia na vishikio, visogeze ndani milimita 10 kila upande, na uendeshe hivyo kwa majuma mawili au matatu kwenye njia zako za kawaida, ncha tupu zikiwa zimefunikwa vizuri. Ukijisikia umebanwa, rudisha. Ukijisikia huru, sogeza tena kidogo. Utakaporidhika, zungushia kibano cha mpira wa maji mahali pa kukata ili msumeno wa chuma ufuate ukingo wake bila kwenda upande, kata taratibu, kisha lainisha ncha kwa tupa na msasa ndani na nje. Alumini iliyokatwa huacha ukingo mkali kama wembe, na ukingo huo utachana kishikio kipya siku ya kwanza ukiuacha.

Upana haukai peke yake. Unapotanua mikono, kifua hushuka mbele, ndiyo maana mtu anayefunga usukani mpana kwenye baiskeli ya zamani bila kugusa stemu hujikuta amelala juu ya gurudumu la mbele. Kanuni ninayoitumia ni kwamba kila milimita 20 za upana ulioongezwa zifuatane na stemu fupi zaidi kwa takriban milimita 10. Hapo ndipo utakapokutana na suala la unene. Sehemu ya katikati ya usukani, inayobanwa na stemu, huwa ya milimita 25.4 kwa baiskeli za zamani na nyingi za bei nafuu, 31.8 kwa baiskeli nyingi za sasa, na 35 kwa baadhi ya mpya. Usukani na stemu lazima vilingane, kwa hiyo nenda dukani na usukani wako wa zamani au na kipimo ulichokiandika, wala usimkubalie fundi anayetaka kuujaza uwazi kwa kipande cha kopo. Kwenye ncha, ambako vishikio na breki hukaa, sukani za milimani zote hupimwa milimita 22.2. Usukani uliopinda kwa chini wa baiskeli za mashindano ya lami ni wa milimita 23.8 mahali pa breki, na ndiyo sababu breki za huko haziingiliani na za kwetu.

Jambo la tatu, ambalo watu wengi hawalitazami kabisa, ni mpindo. Shika kalamu mbili, moja kila mkono, nyosha mikono mbele kwa upana wa mabega na ufumbe macho. Ukifumbua utaona kwamba kalamu hazikai kwenye mstari mmoja. Ncha zake za nje zimeelekea nyuma, kwa sababu hivyo ndivyo kifundo cha mkono kinavyopumzika. Sukani nyingi hupinda nyuma nyuzi 5 hadi 9, na zipo zinazofika 12 au 16 kwa ajili ya wenye maumivu ya vifundo. Kama unaendesha saa nyingi kwenye barabara za vumbi, ningekushauri usichukue ulionyooka sana, hata ukiwa umependa rangi yake. Jihadhari pia na namna unavyoufunga: usukani huohuo mzuri ukizungushwa nyuma kupita kiasi hushusha viganja na kukunja vifundo, kwa hiyo fuata alama zilizochapwa katikati yake, uwe umeinuka kwa mwelekeo unaokaribiana na ule wa foko.

Kuhusu kimo nitasema machache. Usukani ulioinuka milimita 20 hadi 40 humsaidia mtu kwenye mteremko mkali na humpunguzia mzigo wa viganja, ila ukiwa juu mno gurudumu la mbele huanza kuyumba na kunyanyuka unapopanda, na miinuko yetu haina huruma. Jaribu kwanza kwa pete zilizopo chini au juu ya stemu, ambazo hazikugharimu kitu, ndipo uamue.

Kati ya alumini na kaboni, kwa mazingira yetu nachagua alumini. Kaboni ni nyepesi na huweza kupunguza mtetemo, lakini ufa wake hujificha, na usukani wa kaboni wa mtumba ambao hujui ulianguka mara ngapi ni kitu nisichoweza kumshauri mtu ninayempenda akinunue. Alumini nayo si ya milele: ikipinda au ikiwa na mkwaruzo mzito karibu na stemu, iondoe, wala usiinyooshe.

Sasa tuje kwenye vishikio, ambavyo ni rahisi kuliko vyote kununua na ndivyo vinavyotesa watu zaidi. Kipimo cha kwanza ni unene. Funga kiganja kwenye kishikio bila kukaza: ncha za vidole zikikaribia kugusa nyama ya chini ya kidole gumba bila kuigandamiza, unene unakufaa. Kucha zikichoma kiganja ni chembamba mno; pengo likiwa kubwa ni kinene mno, na misuli ya mkono wa mbele itachoka kwa sababu inafanya kazi ya kubana muda wote. Vishikio vyembamba huwa na kipenyo cha takriban milimita 29 au 30, na vinene hufika 33 au 34. Rafiki yangu mmoja mwenye viganja vidogo alikuwa akisimama kila mara kupumzisha mikono alipoteremka kutoka msitu wa Magamba kuelekea Lushoto; tulipomwondolea vishikio vinene vya sponji, tukamwekea vyembamba vya mpira laini na kuisogeza mikono ya breki karibu na vidole vyake kwa ile skrubu ndogo ya kurekebishia, aliteremka kipande hichohicho bila kusimama.

Ganzi nayo ina lugha yake, na inafaa uisikilize kabla hujanunua. Ikishika kidole cha mwisho na cha pete, unagandamiza mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiganja upande huo, na vishikio vyenye bawa pana la kuegemeza kiganja husaidia, mradi bawa lisielekee juu kiasi cha kukikunja kifundo. Ikishika gumba, cha shahada na cha kati, tazama pembe ya kifundo na mahali breki zilipo. Ganzi isiyoondoka baada ya safari ipeleke kwa daktari, maana hapo si suala la vifaa tena. Bawa hilo ni zuri kwa safari ndefu za barabara ya vumbi. Kwa miteremko ya mawe napendelea kishikio cha mviringo, kwa kuwa mkono unahitaji kuzunguka kwa uhuru mwili unaporudi nyuma.

Vishikio vya kufungwa kwa bolti havizunguki wala kutoka, hata mvua ikinyesha, na kwa anayependa kubadilisha mpangilio ndivyo ninavyovipendekeza. Vya kusukumia ni laini zaidi kwa sababu havina ganda gumu ndani, lakini huingizwa kwa spiriti, ambayo hukauka na kuviacha vimeshika. Mafuta au grisi kamwe. Kama gia zako ni za kuzungusha kwa kiganja, nunua vishikio vifupi vya takriban milimita 90, maana vya kawaida vya milimita 130 havitapata nafasi. Mpira ulioanza kunata kwa jua na jasho umekwisha, hata kama bado unaonekana mnene.

Ukishafunga kila kitu, kaza bolti za stemu kwa kupishana, kidogo kidogo, hadi nafasi ya juu na ya chini ya kifuniko cha stemu zilingane, kwa nguvu iliyochapwa juu yake, ambayo mara nyingi ni Nm 5 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Ziba ncha zote mbili kwa vifuniko vigumu, kwa sababu bomba tupu likikupata tumboni unapoanguka linaweza kukata nyama na kuumiza viungo vya ndani. Kisha simama mbele ya baiskeli, bana gurudumu kwa magoti, na ujaribu kuuzungusha usukani kwa nguvu kulia na kushoto, halafu uegemee vishikio kwa uzito wako wote. Kitu chochote kikisogea, rudia kukaza kabla hujatoka nyumbani.