Andika Hapo Hapo: Ushauri kwa Wauguzi na Wakunga Wanaoanza Kazi

Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, wauguzi wa hapa Tanga, kama wenzao kwingineko nchini, huwasha mishumaa na kurudia kiapo kwa kumkumbuka Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza aliyesifika kwa kuzungukia wagonjwa usiku akiwa na taa, aliyezaliwa siku hiyo mwaka 1820. Nimefanya ukunga mkoani humu kwa miaka mingi na mishumaa hiyo naipenda, ila naona tumeishika mno taa yake tukaisahau kalamu yake, ambayo ingewafaa zaidi wadogo zangu wanaoingia wodini sasa.

Alipofika hospitali ya jeshi la Uingereza ya Scutari, Uturuki, wakati wa Vita vya Krimea, Novemba 1854, akiwa na wauguzi 38, askari wengi zaidi walikuwa wakifa kwa kipindupindu, kuhara na homa kuliko kwa majeraha, na kufika kwake hakukuvipunguza vifo mara moja. Februari 1855 vilifikia takriban asilimia 42 ya waliolazwa. Vilishuka baada ya tume ya usafi kutoka Uingereza kufika mwezi Machi, ikazibua mifereji ya maji taka na kuingiza hewa wodini. Juni vilikuwa karibu asilimia 2. Yeye mwenyewe aliuelewa uzito wa jambo hilo vita vilipokwisha, alipozipitia hesabu za vifo pamoja na mtakwimu William Farr, na mwaka 1858 akazichapisha kwa mchoro ambao hata mkubwa asiyependa hesabu angeuelewa. Lau hesabu hizo zisingeandikwa, huenda angebaki akiamini kwamba waliuawa na njaa na uchovu.

Urithi huo sisi wa leba tunaushika kila siku. Patografu, yaani karatasi ya grafu tunayoandikia maendeleo ya uchungu, ina asili yake hapa Afrika: mwaka 1972 daktari Philpott na mwenzake Castle, wakiwa Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, waliichukua grafu ya uchungu ya daktari Mmarekani Friedman ya mwaka 1954 wakaiongezea mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, ulio saa 4 mbele, ili mkunga aliye mbali na chumba cha upasuaji ajue mapema wakati wa kumpa mama rufaa. Aliye kwenye zahanati ya ndani huko Pangani anaijua thamani ya saa hizo 4, hasa wakati wa masika.

Basi ijaze uchungu ukiendelea. Nimewahi kupokea zamu nikakuta mapigo ya moyo ya mtoto yameandikwa 140 kila nusu saa, usiku kucha, kwa wino mmoja na mwandiko usiotetereka. Mapigo ya mtoto hayakai hivyo, na ilikuwa wazi kwamba karatasi ilijazwa mama akiwa amekwisha kujifungua. Najua kwamba sisi ni wachache, na mkunga mmoja huwa na kina mama kadhaa kwa pamoja. Hata hivyo, kama hukupima, acha nafasi wazi, kwa kuwa anayekupokea ataona kwamba hapajapimwa naye atapima, ilhali namba ya kubuni humtuliza mahali asipopaswa kutulia.

Unapompa mama rufaa kuja Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, patografu ifuatane naye, ikionyesha saa ya kipimo cha mwisho, mlango wa kizazi ulikuwa umefunguka sentimita ngapi, dawa aliyopewa na saa aliyopewa. Simu uliyopiga haitoshi, kwani aliyeipokea huenda akawa amekwisha kukabidhi zamu kabla gari halijafika.