Kisumu hadi Mombasa, madereva wawili
Kwa aliyeuliza kama siku moja inatosha kuendesha gari safari hii: ni kama kilomita 830, gaweni mara mbili, mlale Nairobi. Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla ya kuondoka. Tairi ikishapata moto kipimo hupanda na kukudanganya. Spea nayo, watu huisahau. Kutoka Mau Summit kushukia Sachangwan na Salgaa, ule mteremko mrefu kabla ya Nakuru, ingiza gia ndogo kabla ya mteremko, si katikati. Ukikanyaga breki mfululizo zinachemka, zinaacha kushika. Hata magari mengi ya otomatiki yana gia ndogo, L au 2, basi itumie. Badilishaneni usukani kila saa mbili. Barabara ya Mombasa isipitwe usiku: malori huovateki hadi upande wenu.