Mwanangu, kuhusu ule msemo wa ofisini kwenu Osaka

Marahaba mwanangu, mama yako anakusalimia na hela ya dawa imefika. Umeniuliza kama na wewe uitikie ule msemo wenzako wanautania ofisini, ule wa waziri mkuu wao Takaichi Sanae, "nitafanya kazi" mara tano mfululizo, uliobeba tuzo ya neno la mwaka 2025. Ngoja kwanza nikwambie hili.

Hiyo tuzo ipo tangu 1984, na mi 1989 nilikuwa Nagoya kwenye mafunzo, si unaijua ile picha ya ovaroli pale sebuleni. Mwaka ule tangazo la kinywaji cha kuongeza nguvu, Regain, lilikuwa linauliza "unaweza kupambana saa 24?" na watu wakawa wanaliimba baa, kazini, kila mahali, msimamizi wetu wa zamu ndo bingwa kabisa. Sasa jioni moja getini nikamkuta mke wake, mtoto mgongoni, mkononi furushi la kitambaa cha zambarau, ndani mashati yamepigwa pasi yamekunjwa vizuri maana mumewe hajaonekana nyumbani. Akaniinamia mimi mwanafunzi, akaniomba radhi kwa kunisumbua. Radhi! Nikampelekea yule bwana mashati yake, akayapokea huku anaimba lile tangazo na karakana nzima ikacheka. Kile kicheko kinaniuma mpaka leo.

Ndo maana nakwambia kila siku, neno likivuma mtafute asiyecheka.

Lakini nisiwaonee. Mwaka huohuo "sekuhara" nalo lilipata tuzo, wanawake waliokuwa wanasumbuliwa kingono makazini wakapata jina la kuutajia ule uchafu, na mmoja kule Fukuoka akaenda mahakamani. Na 2016 mama mmoja asiyejitaja aliandika mtandaoni kwa hasira kwamba mwanawe kakosa nafasi ya kulelewa chekechea, basi Japani na ife! Wabunge wakalijadili, mwisho wa mwaka likaingia kumi bora. Kwa hiyo siwezi kusema ni upuuzi wa vijana na TV tu, mle ndani kuna vilio vya watu.

Na huyo Takaichi mwenyewe kasema hakuwa anahimiza watu wajiue na kazi, alijisemea yeye, na mi namwamini. Ila familia zilizozika watu kwa karoshi, wale waliouawa na kazi, hazikufurahi hata kidogo. Unaona sasa? Mtafute asiyecheka.

Useme au usiseme... jibu ninalo mdomoni kabisa, lakini we ndo unaishi na hao watu, sikuamulii. Ila yule dada wa meza ya jirani, uliyesema kila siku anaondoka na treni ya mwisho, na yeye huwa anautania? Niandikie.

Baba